Mantova au Ravenna

Nilimshikia ngazi mke wangu zikiwa zimebaki siku kumi na tano aache kuwa mke wangu.

Ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote, saa nane mchana, na ukungu ulikuwa umeushukia mji wetu wa Sassuolo mpaka miti mirefu ya makaburini ikawa haina vichwa. Shangazi Argia alizikwa ukutani, ambako makaburi yamepangwa kama rafu, safu ya nne kutoka chini, na kumfikia lazima upande ile ngazi ya magurudumu ambayo siku hiyo kila familia inaigombea. Nives alipanda na kitambaa kibichi. Akafuta marumaru, akafuta picha ya shangazi yake, akanishushia maua yaliyokauka bila kunitazama. Nami nikampandishia krisanthemu mpya, nyeupe, bila kumtazama. Kwa hiyo nilitazama viatu vyake. Vilikuwa vile vya kahawia nilivyomnunulia mimi, na kisigino cha kulia kilikuwa kimelika upande. Hakuna mtu aliyempelekea kwa fundi. Jambo dogo hilo, lakini lilinichoma kuliko yote tuliyokuja kuambiana baadaye.

Hatukuwa tumepanga kukutana. Lakini shangazi alikuwa mmoja, ngazi moja, na saa nane ndiyo saa ambayo yeye mwenyewe alikuwa akitupeleka kwa wafu wake miaka yote sita ya ndoa yetu. Kila mmoja alijua mwenzake atakuwapo. Kila mmoja alijifanya ameshtuka.

Tulikuwa tumeishi kila mmoja kwake mwaka mzima na zaidi: yeye katika ile nyumba ya ghorofa ya pili, mimi kwa mama yangu, katika chumba changu cha ujana chenye kitanda kifupi. Katikati ya Oktoba tulikwenda manispaa tukatia saini kwamba tunaachana. Hatuna mtoto, hatuna shamba, hatuna la kugombania. Kwa watu kama sisi sheria ni nyepesi kama pamba. Mnatia saini, mnapewa mwezi mmoja wa kufikiri, kisha mnarudi siku moja, saa moja, mkatamke kwa vinywa vyenu kwamba mnathibitisha. Mmoja asipofika, au akifika akakataa, karatasi inakufa na ndoa inabaki pale ilipokuwa. Siku yetu ilikuwa Ijumaa, tarehe kumi na sita Novemba, saa nne asubuhi. Shangazi Argia alikuwa na msemo wa zamani, kwamba Jumanne na Ijumaa mtu haoi wala hafungi safari. Juu ya kuachana msemo ulinyamaza.

Nives aliposhuka alifungua mkoba akatoa kadi ya bluu, akanipa.

Niliikumbuka. Shangazi alitupatia mwezi wa Juni, siku ya kumbukumbu ya harusi yetu, hali akijua wazi kwamba hatulali nyumba moja. Ilikuwa zawadi ya hoteli: usiku mbili kwa watu wawili, katika mji wa Mantova au wa Ravenna. Majina yetu yalikuwa yamepigwa chapa, la kwake na langu, na chini shangazi alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa kishule: *Chagueni wenyewe. Msinipigie simu kuniuliza.* Miezi miwili baadaye akafa, na kweli hatukumpigia.

"Hatuwezi kumpa mtu," Nives alisema. "Wanataka vitambulisho vya wote wawili, na viwe na majina hayo hayo."

"Basi tuiache."

"Inakwisha mwezi huu. Nimewauliza. Usiku uliobaki ni wa tarehe kumi na tano na kumi na sita, na lazima wajue wiki mbili kabla. Maana yake leo, kabla ya saa kumi na mbili."

Nilihesabu kimoyomoyo, na niliona yeye amekwisha kuhesabu zamani. Alhamisi na Ijumaa. Ijumaa saa nne asubuhi, aliyeko Mantova hayuko Sassuolo. Aliyeko Ravenna naye hayuko. Kiti cha manispaa kingebaki kitupu, vyote viwili vingebaki vitupu, na ile karatasi ingekufa kifo cha njaa.

Hakusema hivyo. Mimi pia sikusema. Nilisema, "Ravenna kutakuwa na mvua."

"Mantova kutakuwa na ukungu," akasema.

Hapo ndipo baba yake alipotutokea. Daktari Bellentani si daktari wa kutibu. Ni mwenye duka la dawa pale uwanjani, lakini kwetu mwenye duka la dawa huitwa daktari na hufa akiitwa daktari. Alivaa kofia yake ya sherehe. Alinisalimu kama anavyosalimiwa mtu aliyekuja kusoma mita ya gesi, akamwambia binti yake kwamba gari liko langoni na mama yake anaona baridi. Nives akamjibu kwamba atarudi kwa basi. Mzee akaitazama ile kadi mkononi mwangu, na nikaona ameielewa, maana Argia alikuwa dada yake na alizijua hila zake.

"Nives," alisema taratibu, "supu ya jana haipashwi moto."

"Ya kwenu labda, Daktari," nikasema. "Ya mama yangu siku ya pili ndiyo hunoga."

Nives aliinamisha kichwa upesi. Nilidhani amekasirika. Baadaye nilitambua kwamba alikuwa akificha kicheko, na nikajuta kwa nini sikuendelea.

Mzee hakutaka vita mbele ya wafu, aligusa kofia yake akaenda zake langoni. Siku aliponikatalia binti yake mara ya kwanza, miaka saba nyuma, alifanya vivyo hivyo, kwa upole. Aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia mimi ni mtu wa tanuri, kiwanda cha vigae, zamu tatu. Akauliza kama nina nia ya kuendelea. Nikamwambia, kuendelea wapi, Daktari? Tanuri lina urefu wa mita mia, kigae kinaingia huku kinatokea kule, mimi nakaa hapo hapo. Alinicheka kwa pua. Ni Argia peke yake aliyesimama siku ile akasema kwamba mwanamume anayejua moto si wa kudharauliwa.

Tulivuka barabara tukaingia baa ya Ermes. Watu walikuwa wamejaa, wamevua makoti, wananuka nta ya mishumaa na maua ya makaburini. Ermes alitupatia meza ya dirishani, akaipangusa, akatuuliza kwa furaha ya mtu asiyejua habari:

"Haya, nyie wawili, mnafanya daraja wapi mwaka huu?"

Ndivyo tunavyosema. Sikukuu ikiangukia Alhamisi, watu hawaendi kazini Ijumaa, wanaiunganisha na mwisho wa juma, nazo siku hizo zinaitwa daraja. Alikuwa akiulizia kesho na keshokutwa, hakuwa na habari ya kadi. Nilifungua kinywa nimwambie ukweli. Nives akaniwahi.

"Hatujaamua," alisema.

Ile *hatu* yake. Mwaka mzima alikuwa akisema *mimi* na *wewe*, kwa wakili, kwa mama yangu, kwa simu. Sasa imetoka *hatu*, mbele ya mwenye baa, na hakuiomba radhi. Nilishika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili kama mzee.

Tukaanza kuzungumza juu ya miji. Ungetusikia meza ya pili ungedhani ni wachumba. Alisema hoteli ya Mantova iko karibu na ziwa, na dirisha linatazama maji. Nikasema ya Ravenna iko ndani ya mji mkongwe, unatoka mlangoni unaingia kanisani. Alisema Mantova wana tambi zilizojazwa boga. Nikasema boga tamu na jibini ya chumvi, ni kama watu wawili wagomvi waliofungiwa chumba kimoja. Akasema Ravenna ni mbali kidogo, lazima kubadili treni. Nikasema kubadili treni si kitu. Akasema ndiyo, si kitu. Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi na robo.

"Kwa hiyo?" aliniuliza.

"Utakavyo wewe."

Lilinitoka kabla sijalipima. Nives aliweka kijiko chini, taratibu, kama mtu anayeweka silaha au anayeitafuta.

Hilo ndilo lilikuwa neno la nyumba yetu. Watu wengine huvunjiwa ndoa na mwanamke wa nje, na pombe, na mkono mwepesi. Sisi tulivunjiwa na adabu. Tule nini? Utakavyo wewe. Tupake ukuta rangi gani? Utakavyo wewe. Tupate mtoto sasa au tungoje? Utakavyo wewe, mpenzi. Kila mmoja alimwachia mwenzake nafasi ya mbele, kama watu wawili mlangoni wanaosema *pita, pita wewe*, mpaka usiku ukatukuta tumesimama nje. Ukuta wetu haujapakwa rangi mpaka leo.

"Nikuulize kitu," Nives alisema. "Fungate yetu. Cattolica. Nani alitaka kwenda Cattolica?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Nyumba ya baba yako ya pwani. Nilijua unaipenda tangu utoto."

"Loris, mimi naichukia ile nyumba. Inanuka gesi. Nilikwenda kwa sababu nilidhani unataka kumwonyesha baba kwamba humwogopi."

Tulitazamana. Siku saba za mvua, bahari ya kijivu, maji ya moto yanakatika, sisi wawili tumejifunika blanketi la mama wa Nives, kila mmoja anatabasamu kwa ajili ya mwenzake. Nilianza mimi kucheka, yeye akafuata. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Ermes naye alicheka kule kaunta bila kujua sababu. Tangu mwaka jana sikuwa nimeusikia mlio ule, na nilitamani niufungie mlango usitoke.

Kisha ukatoka wenyewe. Nives alifuta macho kwa kidole, na uso wake ukarudi mahali pake pa huzuni.

"Chagua," alisema. "Chagua wewe. Mji mmoja. Mimi sitii neno."

Nilimtazama yale macho ya rangi ya chai. Nilijua anachotaka. Katika mwaka wa kwanza, kila tulipopita dukani kwa mwuza boga, alikuwa akitaja Mantova. Nilitaka kumpa. Mungu ananijua, nilitaka kumpa ule mji mzima pamoja na maziwa yake.

"Mantova," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu unaipenda."

Nilidhani nimemgusa. Aliichukua kadi, akaizungusha juu ya meza kwa ncha ya kidole.

"Nakuuliza wewe unataka nini, unanijibu mimi napenda nini," alisema. "Miaka sita nimeishi na kioo. Nikicheka kinacheka. Nikinuna kinanuna. Kioo hakimkumbatii mtu, Loris. Nilikuwa nikilala nacho na kuamka peke yangu."

Mimi nina kichwa cha moto, na sikukipata kwa bahati mbaya, nimekirithi. Nilimwambia kwamba asiyetaka kioo asingeninyamazisha. Nikamwambia kwamba kila nilipofungua kinywa nyumbani kwao baba yake alikuwa akinisahihisha maneno mezani, huku Nives anaendelea kukata nyama. Nikamwambia aende akamwulize Daktari achague mji, maana ndiye aliyechagua sahani zetu, kitanda chetu na pwani yetu. Watu wa meza ya jirani wakaanza kuongea kwa sauti ili waonekane hawasikii. Nives hakujitetea. Alisema jambo moja tu.

"Ni kweli nilikuwa nakata nyama. Sasa nimeacha. Unataka nini?"

"Ravenna!" nikasema, na nilisema kama mtu anayetema jiwe. "Nataka Ravenna. Umeridhika?"

"Kwa nini?"

Ningeweza kuishia hapo. Lakini jiwe la kwanza likitoka ukuta hufuata.

Nilimwambia. Nilimwambia kwamba miaka kumi na mmoja nimesimama mbele ya tanuri nikitazama vigae vikitoka, na kazi yangu ni kukamata kile kisichofanana na vingine na kukivunja. Kimoja kimezidi wekundu, kivunje. Kimoja kimepinda unywele, kivunje. Elfu kwa elfu, vyote sawa kama uongo. Na kwamba Ravenna kuna makuba ambayo watu wa zamani waliyapamba kwa vijiwe vya kioo na dhahabu, vidogo kama ukucha, na kila kimoja walikilaza upande wake kwa makusudi, hiki juu, hiki chini, ili mwanga usipige wote mara moja bali utembee. Hakuna viwili vinavyofanana. Vyote vilivyo na kasoro vimo, na ndivyo vinavyong'aa. Nilisoma hayo peke yangu, zamu za usiku, kitabu nimekifungia katika karatasi ya mkate ili wenzangu wasinicheke. Nilitaka kusimama chini ya anga lile la vijiwe nimtazame yeye usoni, nione inakuwaje mwanga ule ukimpitia. Nilitaka tangu siku ya kwanza. Sikusema, kwa sababu niliogopa atamwambia baba yake, na baba yake angesema: mtu wa vigae anataka kwenda kutazama vigae.

Nilipomaliza niliificha mikono yangu chini ya meza.

Machozi yalikuwa yakimtoka Nives bila uso wake kubadilika, kama bomba lililosahauliwa. Alinyoosha mkono, akauchukua mmoja wangu kule chini, akauweka juu ya meza mbele ya watu wote. Sasa ninaandika, na bado naujua uzito wa mkono ule.

"Miaka sita," alisema polepole. "Mwanamume huyu alikuwa wapi miaka sita?"

Akatoa simu kwa mkono wa pili, hakuniachia, akapiga nambari iliyo nyuma ya kadi. Saa kumi na moja kasorobo. Nilisikia sauti ya mwanamke wa hoteli, ndogo, yenye furaha ya kikazi. Nives akamwambia Ravenna. Akamtajia majina yetu mawili, akafikia jina langu akalitamka vizuri, lote. Yule mwanamke akauliza jambo, na Nives akarudia ili nisikie.

"Usiku wa Alhamisi na wa Ijumaa. Tukisema ndiyo hakuna kughairi tena."

Aliifunika simu kwa kiganja. Akanitazama, na sijawahi kutazamwa hivyo na kiumbe yeyote, si mama yangu aliyenizaa.

"Loris. Ijumaa saa nne tuna miadi."

Ndiyo kwanza imetajwa. Ilikaa mezani kati ya vikombe. Alitaka niseme: miadi ikafie mbali. Alitaka niseme: sitaki kuachana nawe. Maneno matatu, manne. Alikuwa amenifungulia mlango wote, na yeye mwenyewe amesimama pembeni.

Lakini nilikuwa nimekwisha kujivua nguo mara moja mbele yake siku ile, na kiburi changu kilisimama kama askari: *mara mbili hapana. Naye aseme. Kwa nini kila mara uombe wewe?* Nikajiambia pia kwamba ni heshima, kwamba jambo zito kama hili asije akasema siku moja kwamba nilimlazimisha. Kiburi kina mavazi mengi, na lililo zuri kuliko yote ni hilo la heshima.

"Utakavyo wewe," nikasema.

Mkono wake haukuondoka ghafla. Uliondoka kidole kimoja kimoja.

"Samahani, mama," alimwambia mwanamke wa simu. "Hapana. Hatuji."

Alivaa koti lake, akamshukuru Ermes, akaniaga kama mtu anavyomuaga jirani. Kadi aliiacha mezani. Kupitia dirishani nilimwona akivuka barabara kwa kile kisigino kilicholika, na ukungu ukamchukua miguu kwanza.

Wiki mbili zile sizikumbuki vizuri. Nakumbuka mama yangu, aliyekuwa akifunga nyama ndani ya vipande vya unga kwa ajili ya supu, na kunirushia maneno bila kuinua macho. Alisema nimerithi mdomo wa marehemu baba yangu siku za ugomvi na ukimya wake siku za haja. Kisha, Alhamisi jioni, akanishauri kwa sauti ya chini kama mwizi.

"Usiende kesho. Jifunike ulale. Usipokwenda karatasi inakufa yenyewe, si ndivyo ulivyoniambia?"

"Sitamshika mke kwa kulala, mama."

"Utamshika kwa kitu gani basi?"

Nililala nikitafuta jibu, nikaamka sinalo.

Ijumaa nilifika manispaa saa nne kasoro dakika kumi. Nives alikuwa amekwisha kufika, amekaa peke yake kwenye benchi, bila baba, bila wakili. Alikuwa amekonda. Tulisalimiana. Chumba kilikuwa na meza ndefu, bendera, na mama mmoja wa makamo mwenye mafua aliyetuomba radhi kwa kupenga kabla ya kuanza. Alisoma majina, la Nives likiwa bado la baba yake kama ilivyo desturi yetu, tarehe ya harusi, tarehe ya saini. Alisoma vizuri, bila haraka, nami nilifikiri jinsi miaka sita inavyoweza kuenea katika karatasi moja na nafasi ikabaki.

"Mama Bellentani, unathibitisha?"

Nives aliitazama meza.

"Nathibitisha."

"Na wewe, bwana Malagoli?"

Nilimtazama Nives. Alikuwa ameshika mikono yake miwili pamoja, kucha zimeng'atwa mpaka kwenye nyama. Hakuna aliyenifunikia simu kwa kiganja. Hakuna aliyeningoja nimwambie anachotaka. Alichotaka alikuwa amekwisha kukisema, kwa sauti, na kimeandikwa. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue palikuwa na mambo mawili tofauti mezani, lake na langu, na langu halikuwa na mtu wa kulisema isipokuwa mimi.

"Sithibitishi," nikasema. "Sitaki kuachana naye."

Yule mama aliacha kuandika.

"Sasa?" Nives aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, halafu ikapanda. "Sasa ndiyo unasema? Mbele ya huyu mama? Nilikupa nafasi yote, Loris, nilikaa pale na simu mkononi, na wewe..." Hakumaliza. Alisimama, akachukua mkoba, mkono wa koti ukamgomea, akaliburuta hivyo hivyo. Mlangoni aligeuka. "Wiki mbili nimejifunza kuishi bila kukungoja. Unajua ni kazi gani hiyo?"

Nilisema najua. Nilisema na mimi nimejifunza jambo, lakini limechukua muda kufika. Hakungoja lifike. Nilisikia viatu vyake kwenye ngazi za mawe, kimoja kizito, kimoja chepesi.

Mama wa mafua alinieleza, kwa upole na kwa sauti ya puani, kwamba basi makubaliano yamekufa. Kisheria sisi ni mke na mume. Mwenzangu akipenda ataomba mahakamani, huko kutachukua muda, lakini atapata. Kisha akauliza, kwa sababu fomu ilikuwa na mstari wa hilo, kama kuna sababu ningependa iandikwe.

"Ipo," nikasema. "Lakini inashuka ngazi."

Aliitazama fomu, akanitazama mimi juu ya miwani yake, akafunika kalamu.

"Sasa wewe, baba," alisema, "unangoja nini hapa?"

Nilishuka bila koti.